Vipeo bila kukariri: anza na moja, kisha hesabu

Wadau, kuna dogo hapa mtaani yuko kidato cha pili, jioni huwa anakuja nimsaidie hesabu. Juzi kaja na daftari, ukurasa mzima sheria za vipeo, saba zote kazipigia mstari kwa kalamu nyekundu, safi kabisa. Nikamwambia haya, 2³ × 2⁴ ni ngapi? Akaandika 4¹². Yani kazidisha kila alichokiona, chini 2 mara 2 ikawa 4, juu 3 mara 4 ikawa 12. Jibu sahihi ni 128, lake yeye ukilifungua linapita milioni 16. Sheria anazo zote saba ila hajui zimetoka wapi, kwa hiyo zikichanganyikana kichwani hana pa kurudi.

Mi huwa sifundishi sheria saba. Nafundisha kitu kimoja tu, kujua kipeo kinasema nini, halafu zile sheria unazitengeneza mwenyewe kwa kuhesabu, hata ukizisahau katikati ya mtihani unazipata tena kwa nusu dakika. Chukua karatasi na kalamu, hii haisomwi umelala.

Kwanza tuelewane kipeo ni nini

Ukiona 2³, ile 2 kubwa ya chini mi naiita mama, na kale ka 3 kadogo ka juu ndo kipeo, kama mtoto kabebwa mgongoni. Unasoma "mbili kipeo cha tatu", wale wa sekondari wanasema "mbili pawa tatu", ni kitu kilekile. Ukiwa unataipu kwenye kompyuta au simu na huna namna ya kuandika kadogo, unatumia alama ya kofia, 2^3. Huu mtindo wa kuandika namba ndogo juu tumeurithi kwa Mfaransa René Descartes, mwaka 1637, na cha kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe kwenye kipeo cha pili mara nyingi alikuwa anaandika tu aa badala ya a².

Sasa shule tuliambiwa hivi: 2³ maana yake mbili ijizidishe yenyewe mara tatu. Hapo ndo mwiba unapoingia, kwa sababu mbili. Ya kwanza, mtoto akisikia "mbili... mara tatu" kichwani anaona 2 × 3, anaandika 6, na huwezi kumlaumu sana, maneno ni yaleyale ya tebo ya mbili. Ya pili, hebu andika 2 × 2 × 2 halafu hesabu alama za kuzidisha. Ziko mbili, sio tatu! Kwa hiyo hata hiyo "ijizidishe mara tatu" yenyewe haijakaa sawa.

Dawa yake ni hii, anza na 1. Kipeo kinakwambia uichukue 1 halafu umzidishe mama mara ngapi.

2³ = 1 × 2 × 2 × 2 = 8
5² = 1 × 5 × 5 = 25
7¹ = 1 × 7 = 7

Sasa alama za kuzidisha zinalingana na kipeo. Hiyo 1 ya mwanzo inaonekana kama haina kazi, lakini usiitupe, ikifika kwenye sifuri na hasi ndo itakuokoa.

Kuna vipeo vichache inabidi uvijue kwa kichwa, sio kwa sababu ya kukariri, ni kwa sababu utavikuta kila mahali na utachoka kuvihesabu upya. Vya 2 mpaka cha kumi: 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256, 512, 1024. Hivi vingi unavijua tayari bila kujijua, angalia simu dukani, GB 32, GB 64, GB 128, GB 256, umewahi kuona simu ya GB 100? Kumbukumbu za kompyuta zinapangwa kwa mbilimbili ndo maana. Vya 3: 3, 9, 27, 81, 243. Vya 5: 5, 25, 125, 625. Vya 10 ni rahisi kuliko vyote, kipeo ni idadi ya sifuri, 10⁶ ni 1 na sifuri sita, milioni.

Kuzidisha, mama akiwa yuleyule

Turudi kwa dogo. 2³ × 2⁴. Usikimbilie sheria, refusha:

2³ × 2⁴ = (2 × 2 × 2) × (2 × 2 × 2 × 2)

Hesabu hizo 2 ziko ngapi. Tatu huku, nne huku, jumla saba. Kwa hiyo 2⁷ = 128. Mama kabaki 2, hakuna aliyemgusa, tulichojumlisha ni idadi yake. Ndo sheria nzima hiyo: mama akiwa mmoja, kwenye kuzidisha vipeo vinajumlishwa. 7⁵ × 7² = 7⁷, na 10⁶ × 10³ = 10⁹, milioni mara elfu ni bilioni, sifuri sita na sifuri tatu zimepangana zikawa tisa.

Mama wakiwa tofauti? 2³ × 3² haina njia ya mkato, ni 8 × 9 = 72, imeisha. Ila usikate tamaa haraka, wakati mwingine mama mmoja kavaa nguo nyingine tu. 4³ × 2⁵ inaonekana mama tofauti, lakini 4 si ndo 2² yenyewe? Basi 4³ ni 2² × 2² × 2², yani 2⁶, na 2⁶ × 2⁵ = 2¹¹ = 2048. Watunga mitihani wanapenda sana huu mchezo, wakikuwekea 8, 16, 27, 81, 125 jiulize kwanza hawa ni watoto wa nani.

Na kujumlisha je, 2³ + 2⁴? Hapa hakuna sheria. Narudia, hakuna. Ni 8 + 16 = 24, sio 2⁷. Sheria ya vipeo inatokana na kupanga mazidisho kwenye mstari mmoja, alama ya kujumlisha ikikaa katikati inaukata huo mstari. Nimeona watu wazima kabisa wanaanguka hapa.

Kugawanya

5⁷ ÷ 5⁴. Weka tano saba juu ya mstari, tano nne chini, halafu kata moja ya juu na moja ya chini mpaka za chini ziishe. Zinabaki tatu juu, 5³ = 125. Umetoa 4 kwenye 7, basi, kwenye kugawanya vipeo vinatolewa, cha juu toa cha chini. Mama abaki yuleyule tena. Kosa la hapa ni mtu kugawanya vipeo vyenyewe, 2⁸ ÷ 2² akaandika 2⁴, wakati ni 2⁶. Ukiwa na mashaka fungua: 256 ÷ 4 = 64, na 64 ni 2⁶. Kukagua kwa namba ndogo hakuchukui hata dakika, sijui kwa nini watu hawakagui.

Sifuri na hasi, hapa ndo wengi wanapotea

Mtu anaambiwa namba yoyote kipeo cha sifuri ni 1, anakubali tu kwa shingo upande, moyoni anaona inatakiwa iwe 0. Sasa ile 1 yetu ya mwanzo inaingia kazini. 2⁰ inasema chukua 1, mzidishe mama mara sifuri. Hujazidisha kitu, umebaki na 1 yako. Mwisho wa habari.

Kama bado huamini shuka ngazi taratibu:

2³ = 8
2² = 4
2¹ = 2
2⁰ = ?

Kila ngazi unayoshuka unagawa kwa 2. Nane, nne, mbili... inayofuata ni 1, haiwezi kuwa sifuri, mbili ukiigawa kwa mbili hupati sifuri hata ulie. Na ukiendelea kushuka:

2⁻¹ = 1/2
2⁻² = 1/4
2⁻³ = 1/8

Hicho ndo kipeo hasi. Kipeo chanya kinasema chukua 1 uzidishe, kipeo hasi kinasema chukua 1 ugawanye. 2⁻³ ni 1 ÷ 2 ÷ 2 ÷ 2. Haina uhusiano wowote na jibu kuwa hasi, tafadhali shika hilo, 2⁻³ sio −8 na sio −6, ni moja ya nane, kitu kidogo lakini chanya. Kwa kumi ni desimali tu, 10⁻³ = 0.001, ndo maana milimita ni mita 10⁻³.

Mama akiwa sehemu, kipeo hasi kinampindua. (2/3)⁻² ni 1 gawanya kwa 4/9, na kugawanya kwa sehemu si unapindua, basi 9/4. Na ukikutana na 2³ ÷ 2⁻², toa kama kawaida, 3 − (−2) = 5, jibu 2⁵ = 32. Hakiki: 8 ÷ robo. Kwenye nane kuna robo ngapi? Thelathini na mbili.

Angalizo dogo, mama asiwe 0 kwenye hizi za sifuri na hasi, kwa sababu utajikuta unagawa kwa sifuri.

Kipeo juu ya kipeo

(2³)⁴. Mabano yanasema hicho kifurushi cha 2³ kipange mara nne: 2³ × 2³ × 2³ × 2³. Juu unajumlisha 3 + 3 + 3 + 3, yani 3 × 4 = 12. Kwa hiyo 2¹² = 4096. Hapa ndipo vipeo vinazidishana, na ni hapa tu. Yule dogo alikuwa kaichukua sheria hii akaipeleka kwenye 2³ × 2⁴. Sasa ukiwa unachanganya, jiulize swali moja, nina marundo mawili yamekaa pembeni kwa pembeni, au nina rundo moja linalorudiwa? Pembeni kwa pembeni jumlisha, linalorudiwa zidisha.

Faida yake ni kubwa kuliko mtihani. Tuseme unataka 1.2¹² na huna kalkuleta, hutaki kuzidisha mara kumi na mbili. 12 ni 3 × 2 × 2. Tafuta 1.2³ = 1.728, hiyo ipandishe kipeo cha pili unapata 2.985984, na hiyo tena kipeo cha pili unapata karibu 8.916. Umemaliza. Hii namba 1.2¹² ishike, tutairudia chini, ina maumivu yake.

Mabano, na habari ya kiwanja

Kipeo kikikaa nje ya mabano yenye kuzidisha ndani, kinawaingia wote. (2 × 5)³ = 2³ × 5³ = 8 × 125 = 1000, na kweli ni 10³. Kosa linalojirudia ni kumsahau mmoja: (3 × 10⁴)² mtu anaandika 3 × 10⁸, ile 3 kaiacha nje inanyeshewa. Ni 9 × 10⁸. Vivyo hivyo (2x³)⁴ ni 16x¹², sio 2x¹².

Hii ndo inayowapiga watu kwenye viwanja. Una kiwanja cha 20 kwa 20, jamaa ana cha 40 kwa 40, wewe unafikiri chake ni mara mbili ya chako. Hesabu: (2 × 20)² = 2² × 20² = 4 × 400 = 1600. Ni mara nne! Kwa hiyo mtu akikuuzia 40 kwa 40 kwa bei mara tatu ya 20 kwa 20 za hapohapo, kakupunguzia, usikimbie. Kwenye tenki la maji ni zaidi, ukiongeza urefu, upana na kina vyote mara mbili, maji yanakuwa 2³, mara nane. Na kwa wanafunzi, mita moja ni sentimita 100, lakini mita moja ya mraba ni (100)² = sentimita za mraba 10,000, sio 100.

Ndani ya mabano kukiwa na kujumlisha ni kesi nyingine kabisa. (3 + 4)² ni 7² = 49. Ukiingiza kipeo kwa kila mmoja unapata 9 + 16 = 25, na umepoteza 24 njiani. Zimeenda wapi? Chora mraba wa 7 kwa 7, ugawe upande mmoja 3 na 4, upande wa pili 3 na 4. Utapata mraba wa 9, mraba wa 16, na mistatili miwili ya 3 kwa 4, kila mmoja 12. Hizo 24 ndo hiyo mistatili miwili mliyoisahau.

Alama ya hasi bila mabano

Hili nina kidonda nalo binafsi. Kwenye moko niliandika −3² = 9, kwa kujiamini kabisa, swali likaharibika lote mpaka mwisho, alama sita zikaenda na maji. Kipeo kinamshika yule tu aliyembeba. Kwenye −3² aliyebeba ni 3 peke yake, kile kihasi kimesimama nje kinasubiri, kwa hiyo ni 3² kwanza halafu hasi, −9. Kwenye (−3)² mabano yamembeba −3 mzima, kwa hiyo (−3) × (−3) = 9.

Na ukiwa na mabano, hasi ikibeba kipeo shufwa inakuwa chanya, witiri inabaki hasi. (−2)⁴ = 16, (−2)⁵ = −32.

Tahadhari kwa watu wa ofisini: Excel ukiandika =-3^2 inakupa 9, wakati kalkuleta nyingi za sayansi zinakupa −9. Excel inaishika hasi kwanza, ndo ilivyotengenezwa. Dawa ni kuweka mabano mwenyewe kila mara, usiiachie mashine ikuamulie.

MAGAZIJUTO ina shimo

Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaijua, Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Nzuri sana, ila kipeo kiko wapi? Hakipo. Mtoto anafika kwenye 2 + 3 × 4² anatafuta kipeo kwenye MAGAZIJUTO hakioni, anakifanya mwisho kama salamu. Anapata 146 kwa kuzidisha 3 × 4 = 12 halafu 12² = 144 halafu 2, au anapata 400 kwa kwenda mbele tu kutoka kushoto.

Kipeo kinakaa mara baada ya mabano, kabla ya kugawanya. Sababu inaeleweka, kipeo ni mazidisho yaliyokunjwa, lazima uyakunjue kabla hujamshika mama na kazi nyingine. Kwa hiyo 4² = 16, 3 × 16 = 48, jumlisha 2 ni 50. Na 18 ÷ 3² ni 18 ÷ 9 = 2, sio 6² = 36.

Vikipandana bila mabano, mfano 2^3^2 kwenye karatasi kipeo kimekaa juu ya kipeo, hesabu za shule zinaanzia juu kabisa kushuka: 3² = 9, halafu 2⁹ = 512. Excel tena inaenda kushoto kwenda kulia inakupa 64. Mabano, mabano, mabano.

Kipeo cha nusu, na ugomvi wa kipeo na kipeuo

Kiswahili kimetuwekea mtego wa herufi moja. Kipeo cha pili cha 7 ni 49, kipeuo cha pili cha 49 ni 7. Hiyo "u" katikati inageuza safari nzima, ya kwanza inapanda, ya pili inarudi. Kwenye mtihani soma neno mara mbili.

Kipeuo kinaweza kuandikwa kama kipeo cha sehemu. Chukua 9^(1/2). Hatujui ni nini, lakini tunajua ikijizidisha yenyewe vipeo vinajumlishwa, nusu na nusu ni 1, kwa hiyo jibu ni 9¹ = 9. Namba gani chanya ikizidishwa yenyewe inaleta 9? Ni 3. Basi kipeo cha nusu ndo kipeuo cha pili, kipeo cha 1/3 ni kipeuo cha tatu, na kuendelea. 8^(2/3) ivunje vipande: ile 3 ya chini inataka kipeuo cha tatu cha 8, ambacho ni 2, ile 2 ya juu inataka kipeo cha pili, 2² = 4. Anza na kipeuo, namba zinabaki ndogo, ukianza na 8² = 64 utafika palepale ila kwa jasho.

Namba kubwa kwa vipeo vya kumi

Mwanga unasafiri karibu mita 3 × 10⁸ kwa sekunde, na jua liko mbali na sisi karibu mita 1.5 × 10¹¹. Mwanga unachukua muda gani kufika? Gawa za mbele peke yake, kumi peke yake: 1.5 ÷ 3 = 0.5, na 10¹¹ ÷ 10⁸ = 10³. Ni 0.5 × 1000 = sekunde 500, yani dakika 8 na sekunde 20. Bila vipeo ungeandika sifuri mpaka kalamu iishe wino.

Kwenye kujumlisha kuwa makini, lazima kumi ziwe sawa kwanza. 3 × 10⁵ + 2 × 10⁴, geuza ya kwanza iwe 30 × 10⁴, sasa 30 + 2 = 32, kwa hiyo 32 × 10⁴, au 3.2 × 10⁵. Fikiria pesa, laki tatu na elfu ishirini, huwezi kusema tano za kitu gani sijui. Kalkuleta ya simu ikikuonyesha 3E8 usiogope, hiyo E ni "mara kumi kipeo cha", ndo hiyohiyo 3 × 10⁸.

Sasa mtaani: kausha damu na upatu

Nilisema 1.2¹² ina maumivu. Mtu anakopa laki moja kwenye hii mikopo tunayoiita kausha damu, riba asilimia 20 kwa mwezi, na asipolipa riba inaingia kwenye deni nayo izae. Kichwani anapiga 20 mara 12 ni 240, kwa hiyo mwaka ukiisha nitadaiwa laki tatu na arobaini, nitajipanga. Hapo kajumlisha mahali pa kuzidisha. Kila mwezi deni linazidishwa kwa 1.2, miezi 12 ni 1.2¹², karibu 8.916. Laki moja imekuwa karibu shilingi 891,610. Ni sheria ileile ya karatasini, anza na 1, zidisha mara kumi na mbili, tofauti ni kwamba hapa mama ana daftari la madeni.

Na zile za "leta watu watano, kila mmoja alete watano, utakula bila jasho". Mwanzilishi ni 5⁰, mtu mmoja. Ngazi ya kwanza 5, ya pili 25, ya tatu 125, bado inaonekana mtaa mmoja tu. Ngazi ya 11 ni 5¹¹ = 48,828,125. Jumlisha wote kuanzia mwanzilishi mpaka hapo unapata watu 61,035,156. Sensa ya 2022 ilihesabu Tanzania nzima watu 61,741,120, pamoja na vichanga na wazee wasiotoka ndani. Yani wamebaki watu laki saba na kidogo nchi nzima, halafu ngazi ya 11 inatakiwa ilete 5¹², watu milioni 244. Watatoka wapi?

Jipime

Funika majibu kwa mkono, usidanganye.

(5²)³ ÷ 5⁴ ni ngapi? Juu 5⁶, toa 4, ni 5² = 25.

6⁰ + 6⁻¹? Moja na moja ya sita. Ukipata 6 au 0 rudi kwenye ngazi za kushuka.

27^(2/3)? Kipeuo cha tatu cha 27 ni 3, kipeo cha pili ni 9.

3⁴ + 3⁴ + 3⁴? Nilisema kujumlisha hakuna sheria, na kweli haipo, ila hapa una vifurushi vitatu vinavyofanana, yani 3 × 3⁴, na 3 ni 3¹, basi 3⁵ = 243. Dogo aliandika 3¹², nikamwambia arefushe, akarefusha akacheka mwenyewe.

Ya mwisho, bila kalkuleta, ipi kubwa kati ya 2³⁰ na 3²⁰? Wengi wanataja ya kwanza kwa sababu kipeo chake kirefu. Wape kipeo sawa: 2³⁰ ni (2³)¹⁰, yani 8¹⁰, na 3²⁰ ni (3²)¹⁰, yani 9¹⁰. Nane kumi zimepangana dhidi ya tisa kumi, 3²⁰ inashinda, na sio kidogo, ni zaidi ya mara tatu.